Nani hasa anamlipia mwanagenzi, na mwajiri anafaidika nini?

Swali la msomaji: "Kijana wangu ana miaka 19. Amepata nafasi ya uanagenzi katika karakana ya kuchomelea vyuma, mkataba wa miaka mitatu, siku nne karakana na siku moja chuoni. Ada hatulipi, na kila mwezi atapewa posho. Jirani yangu, ambaye hakuna asilolijua, anasema mwenye karakana analipwa na serikali kwa kila kichwa na ndiyo maana anachukua vijana. Ni kweli? Na kama si kweli, mtu mwenye akili zake anaajirije kijana asiyejua hata kushika elektrodi? Nahisi kuna jambo tumefichwa."

Mzazi mwenzangu, shaka yako ni ya haki. Kitu kikija bila ada, mtu mzima lazima aulize bili imekwenda kwa nani. Jirani yako naye hajadanganya; ameshika mkia akadhani amemshika mnyama mzima. Nchi nyingi zina fedha za umma au za tozo zinazosaidia uanagenzi. Ila fedha hizo kwa kawaida hazipiti mfukoni mwa mwenye karakana, na hata pale zinapopita, ni nadra zimrudishie chote alichotumia. Yupo pia mlipaji mwingine ambaye jirani hakumtaja. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane ni gharama gani tunayoizungumzia, maana watu wakisema "kumlipia mwanagenzi" kila mmoja ana lake kichwani. Upo mshahara au posho ya kila mwezi. Ipo gharama ya chuo, yaani mwalimu wa nadharia, mtihani na cheti. Na ipo gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari lolote: muda wa fundi anayefundisha. Mwanagenzi wa mwezi wa pili akichomelea kiungo, juu utaona mstari mzuri unaong'aa, kumbe ndani chuma hakijashikana. Fundi mkuu anaacha kazi yake, anakisaga kwa grenda, anamwonyesha kosa, anamwacha arudie, anakagua tena. Elektrodi zimeisha, gesi imetumika, mteja anasubiri, na kazi ya fundi mwenyewe imelala. Mwenye karakana ukimuuliza mwanagenzi anamgharimu kiasi gani, atakutajia posho. Hasara kubwa iko kwenye saa za fundi wake bora.

Sasa shika hili: ruzuku nyingi hulenga chuo. Baadhi hugusa mshahara. Hizo saa za fundi mkuu ni nadra sana mtu wa nje kuzilipia.

Chukua England, mojawapo ya nchi nne zinazounda Uingereza, ambako utaratibu umeandikwa waziwazi na ambako wengi wameuelewa vibaya vilevile kama jirani yako. Tangu Aprili 2017, mwajiri yeyote wa Uingereza ambaye jumla ya mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka hukatwa tozo ya asilimia 0.5 ya kile kilichozidi. Kwa upande wa England, fedha hiyo huonekana kwenye akaunti ya mtandaoni yenye jina la mwajiri. Anaiona, lakini hawezi kuitoa. Anachoweza ni kuielekeza imlipe mtoa mafunzo aliyesajiliwa na anayetahini. Hairuhusiwi kulipa mshahara, nauli wala mashine. Kila fani imewekewa ukomo wake wa fedha, na wa juu kabisa ni pauni 27,000. Sehemu ya malipo ya mtoa mafunzo huzuiwa hadi mwanagenzi amalize, ili chuo kisipokee fedha zote kisha kikamsahau kijana njiani. Kampuni ndogo zisizofikia kiwango hicho ziliwekewa mpango wa kuchangia kidogo huku serikali ikibeba sehemu kubwa. Kuanzia 2019 mchango wao ulishushwa hadi asilimia 5.

Basi mwajiri wa England anashika nini mkononi? Amewekewa pauni 1,000 kwa mwanagenzi wa miaka 16 hadi 18, zinazotoka kwa awamu mbili, na husamehewa mchango wa bima ya taifa kwa wanagenzi wengi walio chini ya miaka 25. Nadhani habari za jirani yako zilianzia mahali kama hapo. Gawanya pauni 1,000 kwa mwaka mzima wa mshahara na makosa ya kurudiwa, utaona mwenyewe kama kuna mtu anayeweza kutajirika.

Ujerumani wamekwenda njia nyingine kabisa. Sheria yao ya mafunzo ya ufundi ni ya 1969, na mgawanyo wake ni mwepesi kuukumbuka: shule ya ufundi inalipiwa na serikali za majimbo, na yote yanayofanyika kazini, posho ikiwamo, anayabeba mwajiri. Mwaka 2020 waliweka kima cha chini cha posho, euro 515 kwa mwezi kwa mwaka wa kwanza, na hupanda mwanagenzi anavyosonga mbele. Kwa jumla mwajiri wa huko halipwi kwa kichwa, na bado takriban kampuni moja kati ya tano inafundisha wanagenzi. Hilo peke yake lingetosha kumjibu jirani: kama ruzuku ndiyo sababu, Wajerumani wanafanya nini?

Denmark waajiri wote huchangia mfuko mmoja, na mwanagenzi anapokuwa darasani mwajiri wake hurudishiwa mshahara wa siku hizo. Brazil wametumia amri: sheria ya mwaka 2000 inazitaka kampuni za kati na kubwa ziwe na wanagenzi kati ya asilimia 5 na 15 ya nafasi zinazohitaji mafunzo, na kuzilainishia, mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa akiba ya mwanagenzi ni asilimia 2 badala ya 8. Kenya mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, zinazokwenda NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na anayefundisha anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Tanzania tozo ya kuendeleza ufundi stadi huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi, na mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu tu ya makusanyo ndiyo inayofika kwenye mafunzo ya ufundi, jambo ambalo waajiri wamelilalamikia miaka mingi, na mimi nawaunga mkono. Tozo ikikusanywa kwa jina la ufundi na kutumika kwingine, mwajiri huiona kodi tu kama kodi nyingine, na hamu ya kufundisha inakufa.

Kwa nini tozo hasa, kwa nini kila mwajiri asijilipie? Kwa sababu ya ugonjwa wa zamani wa biashara zote za ufundi. Karakana moja inamfinyanga kijana miaka mitatu, anaiva, kisha karakana ya ng'ambo ya barabara inamwita kwa nyongeza kidogo. Aliyepanda hakuvuna. Likitokea mara mbili tatu, kila mmoja anaamua kungoja mwenzake afundishe, na baada ya miaka kumi fani nzima haina mafundi, wote wanalalamika. Tozo inamfanya yule wa ng'ambo ya barabara achangie hata kama hafundishi.

Sasa nimfikie yule mlipaji ambaye hakutajwa. Ni mwanao.

Katika miaka ya 1960 mwanauchumi wa Marekani Gary Becker aliliweka jambo hili wazi. Ujuzi ambao unamfaa mtu popote aendako, alisema, mwajiri hana sababu ya kuulipia, kwa kuwa mwenye ujuzi anaweza kuondoka nao. Atakayeulipia ni anayejifunza, na njia yake ya kulipa ni kupokea mshahara ulio chini ya thamani ya kazi anayoifanya. Kuchomelea ni ujuzi wa namna hiyo hasa. Kwa hiyo ile tofauti kati ya posho ya kijana wako na kile ambacho angelipwa kama kibarua wa kubeba vyuma, au kile anachozalisha mwaka wa tatu akiwa bado analipwa kama mwanafunzi, hiyo ndiyo ada. Hamkuilipa dirishani, mnailipa kidogokidogo.

Hili si geni. Zamani Ulaya mzazi alikuwa akimlipa fundi mkuu fedha taslimu ili ampokee mtoto, na juu yake mtoto anafanya kazi bila mshahara wa maana. Sheria ya England ya 1563 ilitaka uanagenzi usiopungua miaka saba. Mwanauchumi Adam Smith, akiandika 1776, aliona muda huo ni mrefu kupita mahitaji, na kwamba fundi mkuu ndiye anayekula kazi ya kijana muda wote wa mkataba. Sharti hilo lilifutwa 1814. Muda wa mkataba, tangu enzi hizo, ndio unaoamua nani anamfidia nani.

Twende kwa hesabu ya mfano, ya kubuni, ili uone. Tuseme fundi aliyeiva anazalisha kazi ya thamani ya 100 kwa siku na analipwa 70. Mwanagenzi wa mwaka wa kwanza anazalisha 20, analipwa 25, na anakula muda wa fundi wenye thamani ya 20 nyingine. Kila siku mwenye karakana anatoa 25 mfukoni mwake. Mwaka wa pili kijana anazalisha 50, analipwa 30, anakula muda wa 10. Hapo mwajiri ameanza kupata 10. Mwaka wa tatu anazalisha 80, analipwa 40, anahitaji usimamizi wa 5. Faida ni 35. Jumlisha miaka mitatu: hasara ya 25, faida ya 10, faida ya 35. Ukichukua siku moja ya kila mwaka, mwajiri ametoka na 20 juu kwa siku hizo tatu, bila senti ya serikali. Badilisha namba kidogo tu, mwanagenzi akae muda mrefu darasani, au posho ipande, au afanyishwe mazoezi badala ya kazi za wateja, na mwajiri anamaliza miaka mitatu akiwa amepoteza.

Na hicho ndicho watafiti walichokikuta walipolinganisha Uswisi na Ujerumani. Kwa wastani kampuni za Uswisi hurudisha gharama zake kabla mwanagenzi hajamaliza, wakati za Ujerumani hubaki na gharama mkononi. Sehemu kubwa ya tofauti ni kwamba Uswisi mwanagenzi hupewa kazi za kuzalisha mapema zaidi, na posho yake ikilinganishwa na mshahara wa fundi ni ndogo zaidi.

Hapo swali lako linarudi kwa nguvu zaidi. Mjerumani anayebaki na gharama anaendelea kufundisha kwa nini?

Jibu ambalo mimi nalipa uzito mkubwa ni hili: miaka mitatu ya uanagenzi ni usaili mrefu kuliko wote. Ukiajiri fundi kutoka nje, unaona cheti, unasikia maneno, unampa jaribio la nusu saa. Huoni kama anakuja kazini Jumatatu asubuhi, kama anaficha kosa lake au analisema, kama anaheshimu vifaa, kama mteja anaweza kuachwa naye peke yake. Kosa la kuajiri fundi asiyefaa ni ghali: kazi inavunjika kwa mteja, jina la karakana linachafuka, na unaanza upya kutafuta. Mwanagenzi wako unamjua mpaka ndani. Wanauchumi Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke waliongeza jambo mwishoni mwa miaka ya 1990: waajiri wengine hawamjui kama wewe unavyomjua, kwa hiyo wanasita kumpa mshahara wa thamani yake kamili. Unaweza kumbakisha kwa mshahara unaomridhisha yeye na bado ukapata faida. Na unaweza kuwaacha waende wale uliogundua hawafai. Karakana ya ng'ambo ya barabara haina habari hiyo.

Ziko sababu nyingine. Mafundi wazee wanastaafu na kuondoka na ujuzi ambao haukuandikwa popote. Jinsi ya kuzuia bamba jembamba lisipinde kwa joto huwezi kuipata kwenye tangazo la kazi. Mwanagenzi hana mazoea mabaya ya karakana nyingine ya kumfuta kwanza. Fundi akifundisha, naye hulazimika kufikiri upya kwa nini anafanya anavyofanya, nimeona mafundi wa miaka 20 wakigundua hatari walizozizoea kwa sababu kijana aliuliza "mbona hivi?" Na zipo zabuni za serikali katika baadhi ya nchi zinazotaka kampuni ionyeshe inafundisha wangapi. Hiyo ya mwisho ni ya kibiashara tu, na sioni ubaya.

Ubaya uko kwa mwajiri ambaye ruzuku ndiyo sababu yake pekee. Katika miaka yangu ya kupanga nafasi za wanagenzi, niliwahi kumtembelea kijana katika kampuni iliyompokea siku chache tu baada ya kusikia kuna fedha ya motisha. Miezi minane alikuwa amefagia, amepakua mizigo, amepiga brashi vyuma vya wenzake. Daftari lake la mafunzo lilikuwa limejazwa vizuri sana, kwa mwandiko wa mtu mmoja na kalamu moja, kurasa zote. Fedha ilipomalizika, nafasi nayo iliisha. Tatizo halikuwa kwamba kampuni ililipwa. Kijana ndiye aliyelipa kwa mshahara mdogo miezi yote hiyo, na bidhaa hakupewa.

Fedha kubwa nayo hupotea njia. England, mwaka wa masomo kabla tozo haijashika kasi, 2016/17, walioanza uanagenzi walikuwa takriban 495,000. Mwaka uliofuata wakashuka hadi takriban 376,000. Kampuni kubwa ziliona fedha yao imekaa kwenye akaunti, zikaitumia kusomesha wafanyakazi waliokwisha kuajiriwa, hata mameneja, chini ya jina la uanagenzi. Haikuwa kinyume cha sheria. Ila vijana wa kuanza chini, kama wako, walipungukiwa milango.

Kwa hiyo badala ya kumchunguza mwenye karakana kama analipwa, chunguza kama mwanao atapata anacholipia. Nenda karakana siku ya kazi, si siku ya kukaribishwa. Muulize fundi atakayemsimamia, huyo huyo na si meneja, mwezi wa sita kijana atakuwa anachomelea nini. Akianza kuhesabu, "tutaanza na mlalo, halafu wima, halafu juu ya kichwa, halafu mabomba," umepata mwalimu. Akisema "atajifunza tu akiwa anatusaidia," mwanao anakwenda kuwa saidia fundi mwenye mkataba mzuri. Tafuta wanagenzi waliotangulia: wangapi walimaliza, wangapi walibaki, waliobaki wanalipwaje. Karakana inayobakisha wengi inakuambia kwamba inafundisha kwa ajili ya kuwaajiri. Inayobadilisha vijana kila mwaka bila hata mmoja kuwa fundi, inawatumia.

Kwenye mkataba wenyewe angalia mambo machache. Siku ya chuo ilipwe kama siku ya kazi, na isiweze kufutwa kwa sababu oda ni nyingi. Hiyo ndiyo inayoibwa kwanza. Posho ipande kila mwaka, kwa sababu mwaka wa tatu, kama ulivyoona kwenye hesabu, mwajiri anapata. Vifaa vya kinga, yaani barakoa ya kuchomelea, glavu za ngozi na buti, viwe juu ya karakana. Mtihani wa ufundi utajwe kwa jina, na iandikwe nani ataulipia. Na daftari la mafunzo asaini kijana mwenyewe pia, baada ya kila kazi, siyo mwisho wa muhula.

Lipo jambo moja hukuliuliza lakini najua litakuja: kifungu cha kumfunga. Baadhi ya waajiri huandika kwamba mhitimu lazima abaki muda fulani au arudishe gharama. Usikikatae kwa hasira. Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, kwa mshahara kamili wa fundi na si posho, naona ni haki kwa mtu aliyebeba hasara ya mwanzo. Lakini kiasi cha kurudisha kiandikwe kwa namba, kipungue kila mwezi anaobaki, na kisijumuishe fedha ambazo chuo kililipwa na tozo au serikali. Hapo ndipo mahali ambapo habari ya jirani yako itakufaa kweli: kabla ya kusaini, mwambie mwenye karakana akuonyeshe kwa maandishi ada ya chuo imelipwa na nani. Kama si yeye aliyeilipa, hawezi kuja kuidai kwa mwanao.